Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Wastoiko, Hasira na Kujitawala

Wastoiko ni akina nani?

Ni wanafalsafa walioanzia Athens, Ugiriki, kama mwaka 300 KK. Mwanzilishi wao, Zeno, alikuwa mtu wa Citium katika kisiwa cha Kupro, na masimulizi ya kale yanasema alikuwa mfanyabiashara aliyejikuta Athens baada ya merikebu yake kuzama. Alifundisha hadharani, kwenye ukumbi wa nguzo uliokuwa kando ya soko, mahali ambapo kila mpita njia aliweza kusimama akasikiliza. Wasomaji wa Biblia wameshakutana na jina la Wastoiko katika Matendo ya Mitume 17:18, pale Paulo anapojadiliana nao mjini humohumo.

Vitabu vya Zeno na warithi wake wa mwanzo vimepotea, vimebaki vipande tu. Tunaowasoma leo ni watatu wa enzi ya Roma: Seneca, tajiri na mshauri wa Kaisari Nero, aliyekufa mwaka 65 BK, Epictetus, aliyezaliwa katika nchi ambayo sasa ni Uturuki na kuishi miaka yake ya mwanzo akiwa mtumwa, na Marcus Aurelius, Kaisari aliyetawala kuanzia 161 hadi 180. Hali zao zilipishana sana, lakini fundisho ni lile lile: kinachomvuruga mtu si tukio lenyewe, ni hukumu anayoitoa juu ya tukio. Kwa hiyo kazi ya kujitawala inafanyika kwenye ile hukumu, kabla hasira haijafika mdomoni.

Ina maana kujitawala ni kumeza hasira na kukaza uso?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapowaelewa vibaya. Aliyemeza hasira bado anayo. Imekaa kifuani, na jioni itamtokea mtoto au dada wa kazi ambaye hakukosa chochote. Wastoiko walikuwa wanatafuta kitu kingine kabisa: hasira isizaliwe, kwa sababu wazo linaloizaa limekaguliwa mapema likaonekana halina msingi.

Chukua jambo la kawaida. Umepanda daladala, umetoa noti, konda kachukua na hajarudisha chenji. Vituo viwili vimepita. Kwanza kifua kinabana kidogo. Hilo linakuja lenyewe, hukuliita. Kisha, haraka sana, inapita sentensi kichwani: "Huyu ananidharau." Sentensi hiyo ndiyo hukumu. Ukiikubali, hasira inafuata nyuma yake, na sauti inapanda, na abiria wanageuka kukuangalia. Lakini unaweza kuishika ile sentensi ukaiuliza: una uhakika? Gari limejaa, watu wanashuka na kupanda, pengine amesahau. Na hata kama kweli amekusudia, amekuchukulia shilingi mia mbili. Mbona unataka kumpa na utulivu wako juu yake? Baada ya hapo unamwambia kwa sauti ya kawaida, "Konda, chenji yangu." Angalia kwamba chenji umeidai. Hukuwa mnyonge.

Kuna kisa kizuri kinachoonyesha jinsi Wastoiko walivyoitofautisha ile hatua ya kwanza na ya pili. Mwandishi Mrumi wa karne ya 2, Aulus Gellius, anasimulia kwamba alikuwa safarini baharini kuelekea Brundisium, Italia, dhoruba ikawakumba usiku. Ndani ya merikebu alikuwemo Mstoiko mashuhuri. Gellius akawa anamwangalia aone atafanyaje. Mzee yule hakulia wala hakupiga kelele kama wengine, lakini uso ulikuwa umempauka kama wa mtu yeyote mwenye hofu. Bahari ilipotulia, tajiri mmoja aliyesafiri na mizigo ya fahari akamfuata akamsuta: inakuwaje wewe mwanafalsafa umepauka, na mimi sikupauka? Gellius naye, kwa adabu, alimwendea baadaye akamuuliza sababu. Yule mzee akatoa kwenye mkoba wake kitabu cha Epictetus, akamwonyesha mahali palipoandikwa kwamba hata mwenye hekima hutikisika kwa muda mfupi ngurumo au habari ya hatari inapomfikia ghafla. Mwili una haraka kuliko akili. Tofauti ni kwamba mjinga anakubali kwamba mambo ni mabaya kama yalivyojitokeza, na mwenye hekima hatoi kibali hicho.

Kitabu alichoonyeshwa Gellius kilikuwa cha tano katika mafundisho ya Epictetus, na kimepotea. Tunakijua kidogo kwa sababu tu ya dhoruba ile.

Basi usijilaumu kwa moyo kudunda, mikono kutetemeka au machozi kukulengalenga. Hayo si kushindwa.

Kitu gani kiko mikononi mwangu, na kipi hakiko?

Epictetus anaanza nalo kijitabu chake cha mwongozo, ambacho mwanafunzi wake Arrian alikikusanya kutokana na mafundisho yake. Vilivyo mikononi mwetu ni maoni yetu, tunachokitaka, tunachokikwepa, na uamuzi wetu wa kutenda au kuacha. Visivyo mikononi mwetu ni mwili, mali, sifa mbele za watu, na vyeo.

Watu wanashtuka kuuona mwili kwenye orodha ya pili. Lakini fikiri: unaweza kula vizuri, kufanya mazoezi, kwenda kliniki, na malaria ikakulaza. Hii haina maana uache dawa. Afya, kipato na jina zuri ni vitu ambavyo Wastoiko walisema ni halali kuvipendelea na kuvitafuta. Walichokataa ni mtu kuufunga utu wake kwenye vitu hivyo, hadi vikiondoka ajione naye kaondoka. Ukienda kwenye usaili wa kazi, kujiandaa ni kwako, kufika mapema ni kwako, kusema ukweli ni kwako. Uamuzi wa wale walioketi upande wa pili wa meza si wako, na kukesha ukiuwaza hakuwasogezi hata kidogo.

Epictetus mwenyewe aliibiwa. Alikuwa na taa ya chuma aliyoiweka karibu na madhabahu ya nyumbani kwake. Siku moja akasikia kishindo dirishani, akakimbia kushuka, akakuta taa haipo. Akajiambia: kesho nitanunua ya udongo. Mahali pengine akaongeza jambo ninalolipenda zaidi: mwizi yule alimshinda kwa kukaa macho, lakini aliinunua taa ile kwa bei mbaya sana, kwa maana ili apate taa alikubali kuwa mwizi. Kwenye hesabu ya Epictetus, aliyepata hasara kubwa usiku ule si mwenye nyumba.

(Mwandishi Lucian anasema baada ya Epictetus kufa kuna mtu aliinunua ile taa ya udongo kwa drakma 3,000, akidhani hekima itamjia usiku akisomea mwanga wake.)

Hasira yangu hupanda kabla sijafikiri. Nifanyeje?

Seneca aliandika vitabu vitatu vizima juu ya hasira, akimwandikia kaka yake Novatus. Dawa yake kubwa ni kuchelewa. Hasira ikiomba hukumu itolewe sasa hivi, ipe kesho. Hakusema umsamehe kila mtu papo hapo, wala usiseme lolote milele. Alisema uache kwanza ile nguvu ya mwanzo ipite, ndipo uamue.

Anatoa mfano wa Plato, aliyeinua mkono ampige mtumwa wake, akagundua ana hasira, akaubakiza mkono hewani. Rafiki alipomkuta katika hali ile na kumuuliza anafanya nini, alijibu kwamba anamwadhibu mtu mwenye hasira.

Ushauri wa pili wa Seneca hautajwi sana, nami nauona wa maana zaidi kwa matumizi ya kila siku: geuza dalili za nje. Hasira hukunja uso, hupandisha sauti, huharakisha hatua. Wewe legeza uso, shusha sauti, tembea polepole, na ndani patafuata nje taratibu. Anasema Socrates alipokasirika ndipo alipoongea kwa sauti ya chini na maneno machache, hata marafiki zake wakawa wanamjua kwa dalili hiyo.

Siku hizi mtihani mkubwa uko kwenye simu. Bosi kaandika saa nne usiku kwenye kundi la WhatsApp la kazini, kakutaja jina mbele ya wote, na vidole vinawasha. Weka simu chini, mbali na kitanda. Asubuhi utajibu mambo matatu: kilichotokea, ulichofanya, unachokiomba. Usiku ungejibu la nne, na hilo la nne ndilo wenzako wangelihifadhi kwa kupiga picha ya skrini. Wahenga wetu walisema hasira hasara, na sina haja ya kuongeza neno.

Nikitukanwa au kusengenywa je?

Epictetus ana jibu fupi. Ukiambiwa fulani kakusema vibaya, usianze kujitetea. Sema: hakuyajua makosa yangu mengine, angeyajua asingetaja hayo tu. Jaribu hata mara moja. Msengenyaji anakosa mahali pa kuendelea.

Na kama alichokisema ni kweli, kirekebishe. Kama ni uongo, aliyekosea ni yeye.

Nikifiwa, falsafa hii inanitaka nisilie?

Swali hili linastahili kujibiwa kwa uangalifu, kwa sababu hapa Wastoiko hawakusema kwa sauti moja.

Epictetus ana maneno magumu: unapombusu mtoto wako, jikumbushe kwamba unambusu binadamu afaye. Lengo lake naliona. Anataka tusimchukulie mtu tunayempenda kana kwamba tuna hati ya kummiliki milele. Lakini kijitabu kile kinaendelea kusema kwamba mtoto akifa hutavurugika, na hapo mimi sikubaliani naye. Hakuwahi kuzaa mtoto. Aliishi peke yake sehemu kubwa ya maisha yake. Marcus Aurelius alizaa watoto zaidi ya kumi na akawazika wengi wao wakiwa wadogo, na ukisoma maandishi aliyojiandikia mwenyewe unaona mtu anayerudi kwenye jambo hilo tena na tena, kama anayejifundisha somo ambalo halijamwingia bado.

Seneca ndiye ninayemfuata hapa. Akimwandikia Lucilius aliyefiwa na rafiki, anasema macho yasiwe makavu na wala yasifurike, tulie, tusijigaragaze. Halafu katika barua hiyo hiyo anakiri kwamba yeye mwenyewe alimlilia rafiki yake Annaeus Serenus kupita kiasi, kwa sababu hakuwahi kufikiri kwamba Serenus, aliyekuwa mdogo kwake, angeweza kutangulia. Kukiri huko kuna thamani kubwa kuliko kanuni.

Kwetu tunalala matanga, majirani wanakuja, watu wanalia pamoja na kupika pamoja. Sioni Seneca angepata wapi kosa kwenye hilo. Angeuliza tu swali lake la kawaida: unalia kwa sababu unampenda, au kwa sababu umejiambia kwamba bila yeye maisha yako hayana maana tena? La kwanza ni halali. La pili ni hukumu, na inafaa kukaguliwa, siku ikifika, si siku ya mazishi.

Hii si falsafa ya kukubali kuonewa?

Ingekuwa hivyo, makaisari wasingewafukuza. Domitian aliwafukuza wanafalsafa Roma, Epictetus akiwemo, ndiyo maana alikwenda kufungua shule Nicopolis, Ugiriki.

Epictetus huyo huyo aliwasimulia wanafunzi wake habari za Helvidius Priscus, mjumbe wa baraza la seneti. Kaisari Vespasian alimtumia ujumbe asihudhurie kikao. Akajibu: una uwezo wa kuniondoa kwenye baraza, lakini maadamu mimi ni mjumbe, lazima nihudhurie. Kaisari: haya hudhuria, ila unyamaze. Helvidius: usiniulize maoni yangu, nami nitanyamaza. Kaisari: lakini lazima nikuulize. Helvidius: na mimi lazima niseme ninachokiona ni haki. Kaisari: ukisema nitakuua. Helvidius: ni lini nilikwambia kwamba mimi sifi? Wewe utafanya sehemu yako, na mimi yangu.

Helvidius aliuawa kweli. Kujitawala kwake hakukumfanya apinde mgongo. Ndiko kulikompa uwezo wa kusimama, kwa kuwa mtawala hakuwa na kitu cha kumtishia nacho. Haki ilikuwa moja ya nguzo nne za Wastoiko, pamoja na hekima, ujasiri na kiasi. Anayejifunza kiasi akaiacha haki amechukua robo ya fundisho.

Kasoro yao isemwe pia. Seneca aliandika barua nzima kuwahimiza mabwana wale meza moja na watumwa wao na wawatendee kama wanadamu wenzao, lakini hakudai utumwa ukomeshwe. Kwa sisi tunaoishi pwani na bara ambako misafara ya watumwa ilipita, upungufu huo hatuwezi kuupita kimya.

Seneca alihubiri kiasi huku akiwa tajiri wa kutupwa. Si unafiki?

Swali hili aliulizwa akiwa hai. Mwanahistoria Tacitus anaandika kwamba adui yake Suillius alihoji ni kwa hekima gani alijikusanyia sesterce (sarafu za Roma) milioni 300 ndani ya miaka minne ya urafiki na mfalme. Seneca mwenyewe aliandika kwamba yeye si mwenye hekima, bado ni mgonjwa, na anaposema juu ya wema hajisemi yeye. Namwamini kwa hilo. Simwamini anapojaribu kuuhalalisha utajiri wenyewe, na siwezi kusahau kwamba alibaki upande wa Nero hata baada ya Nero kumuua mama yake mzazi. Soma maandiko yake ya hasira na huzuni, yana faida. Kwa mfano wa maisha, nenda kwa Epictetus.

Je, Mkristo au Muislamu anaweza kufuata mafundisho haya?

Mazoezi yake, ndiyo. Paulo akihubiri Athens alinukuu mstari wa Aratus, mshairi aliyekuwa karibu na Wastoiko: "sisi sote tu wazao wake." Kwa upande wa Uislamu, al-Kindi, mwanafalsafa wa karne ya 9, aliandika risala ya kuondoa huzuni ambayo mtu aliyemsoma Epictetus ataitambua mara moja, hadi mfano wa abiria wanaoshuka merikebuni kwa muda na kusahau safari. Na hadithi ya Mtume iliyopokewa na Bukhari na Muslim inasema mwenye nguvu si anayewabwaga watu kwenye mieleka, bali ni yule anayeimiliki nafsi yake anapokasirika.

Imani yake ndiyo yenye tofauti. Mungu wa Wastoiko ni akili iliyomo ndani ya ulimwengu wenyewe, si Muumba aliye juu yake anayesikia dua. Tena waliruhusu mtu kujiua katika hali fulani, jambo ambalo dini zote mbili zinalikataa. Chukua kinachofaa, kiache kisichofaa, na ujue unapochagua.

Na wanawake?

Musonius Rufus, mwalimu wa Epictetus, alifundisha kwamba wanawake wamepewa akili ile ile na wasome falsafa sawasawa na wanaume. Alisema hivyo katika karne ya 1.

Nianze na mazoezi gani?

Anza na la jioni. Seneca anaeleza kwamba taa ikishaondolewa na mke wake, aliyeijua desturi yake, akanyamaza, alikuwa anaipitia siku nzima: nilisema nini, nilifanya nini, wapi nilikosea. Hakujificha kitu, na hakujitesa pia. Alijiambia, "Angalia usirudie tena, kwa sasa nakusamehe." Dakika kumi zinatosha, na daftari linasaidia.

Likishazoeleka ongeza la asubuhi. Marcus Aurelius alijiambia mapema kwamba leo atakutana na mwenye kudandia mambo ya watu, asiye na shukrani, mwenye jeuri, mlaghai, mwenye husuda. Kisha akajikumbusha kwamba watu hao ni ndugu zake, wameumbwa kushirikiana naye kama mikono miwili. Watu huisahau hii nusu ya pili, na bila hiyo zoezi linageuka kuwa dharau ya asubuhi.

La tatu ni kujinyima kwa siku chache: chakula duni, nguo za kawaida, huku ukijiuliza, "Hiki ndicho nilichokuwa nakiogopa?" Anayefunga Ramadhani au Kwaresima ameshalianza.

Itachukua muda gani?

Epictetus aliwaambia wanafunzi wahesabu siku ambazo hawakukasirika. Mtu ajiambie: zamani nilikasirika kila siku, sasa kila baada ya siku moja, kisha mbili, kisha tatu. Ukifikisha 30, akasema, mtolee Mungu sadaka. Mwalimu wa maisha yote aliona mwezi mmoja bila hasira ni jambo la kutolea shukrani, kwa hiyo usivunjike moyo wiki ya pili ikikushinda.

Inatibu sonona?

Hapana. Albert Ellis na Aaron Beck, waasisi wa tiba ya kisasa ya kubadili fikra, walikiri deni lao kwa Wastoiko, lakini tiba hiyo hutolewa na mtaalamu. Kama huzuni imekaa wiki nyingi, usingizi umeondoka, au unawaza kujidhuru, nenda hospitali, na mwambie leo mtu unayemwamini. Kitabu kitasubiri.

Mume wangu ana hasira sana. Nimpe haya asome?

Akiomba, mpe. Asipoomba, usimpe, na hasa usimsomee katikati ya ugomvi. Epictetus aliwakataza wanafunzi kuhubiri kanuni mbele ya watu. Aliwataka waonyeshe matendo yaliyotokana nazo. Na kama hasira yake inafika kwenye kupiga, hilo si suala la falsafa tena. Tafuta usalama wako na wa watoto kwanza: kwa ndugu, kwenye dawati la jinsia la polisi, au kwa viongozi wa mtaa.

Nisome nini kwanza?

Kijitabu cha mwongozo cha Epictetus. Kina sura 50 na ushei, nyingine za mistari miwili tu, na unakimaliza jioni moja. Kisha soma barua za Seneca kwa Lucilius, moja moja, zimebaki 124. Tafakari za Marcus Aurelius ziache za mwisho. Hakuziandika kwa ajili ya wasomaji, anarukaruka, na usipoyajua mafundisho ya Epictetus kwanza utapitwa na nusu ya anayoyasema.